Kibao Shingoni mwa Sikudhani

Jina la nchi hiyo halitaandikwa hapa, na sababu si woga. Wakati mambo haya yakitokea, jina lilikuwa limepelekwa wizarani likatafsiriwe kwa Kiingereza, na mpaka leo halijarudi.

Basi katika nchi hiyo ikafika orodha ya dunia nzima, inayopanga nchi kwa kujua Kiingereza. Nchi mia moja na kumi. Ya kwanza ilikuwa nchi moja ya barafu huko kaskazini, yenye watu wachache na samaki wengi. Hii yenyewe ilikuwa ya mia moja na tisa. Ya mia moja na kumi ilikuwa vitani mwaka ule, haikufanya mtihani.

Orodha ilikuwa imeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo zilipita siku tatu kabla nchi haijajua kwamba imefedheheka. Ilipojua, bendera zilishushwa nusu mlingoti, na Waziri wa Lugha ya Maendeleo, Mheshimiwa Kasinde Mbwelwa, akaingia redioni.

"Ndugu wananchi," alisema, "nasema nanyi kwa Kiswahili kwa mara ya mwisho, na moyo wangu unavuja. Tumetafakari. Tumekaa vikao kumi na saba, vyote vya chai na sambusa. Tumegundua kwamba adui wa Kiingereza chetu ni Kiswahili chetu. Kiko sokoni. Kiko jikoni. Kimeingia mpaka vinywani mwa watoto wachanga, ambao hawakukiombea kibali."

Tangu siku hiyo Waziri hakusikika tena redioni. Alionekana tu, akipita na gazeti la kigeni kwapani, akitikisa kichwa kwa maana. Watu walimheshimu sana kwa Kiingereza chake, kwa sababu hakuna aliyewahi kumsikia akikosea. Wala hakuna aliyewahi kumsikia.

Ikatoka Sheria ya Kibao. Kila darasa liwe na kibao kimoja cha mbao chenye kamba. Mtoto wa kwanza kutamka neno la Kiswahili avikwe shingoni, akae nacho darasani, aende nacho nyumbani, ale nacho, alale nacho. Atakivua siku atakapomkamata mwenzake akisema Kiswahili, akamvika. Hakuna njia nyingine ya kukivua. Kibao ni mali ya umma na kina nambari.

*

Katika Shule ya Msingi Mabondeni alikuwapo mwalimu mmoja wa darasa la kwanza, Hamdani Kiloko, mwenye watoto sitini na watatu na madawati kumi na tisa. Alikuwa fundi wa mbao pia, na kwa kosa hilo akapewa kazi ya kuchonga vibao vya kata nzima. Wizara ilimletea barua yenye maneno ya kuandika juu yake, naye akayanakili herufi kwa herufi. Maana yake ilikuwa: *Niulize nimekosa nini.*

Alichonga vibao arobaini vya mninga. Alipiga msasa kingo zote nne za kila kimoja, ili zisichubue shingo za watoto, akajiona mtu mwema.

Miongoni mwa watoto wale sitini na watatu mmoja alikuwa wake mwenyewe. Aliitwa Sikudhani, wa miaka saba, na alikuwa msemaji. Aliamka akisema, akanawa uso akisema, akasimuliana na kuku njia nzima ya kwenda kuwafungulia. Baba yake alimfundisha kupanga maneno yakapatana vina, na yeye akawa hapumui mpaka atunge. Asubuhi ya kwanza ya Sheria ya Kibao aliingia darasani anarukaruka, akitangaza alichokitunga usiku:

*Kunguru kala sabuni, apate kuwa mweupe;*
*katoka povu kinywani, mweusi kama ukope.*

Darasa lilikauka. Macho sitini na mawili, na mengine sitini na mawili, yalimgeukia Mwalimu. Dirishani alikuwa amesimama Mwalimu Mkuu Chande, kalamu mkononi.

Mwalimu Hamdani angeweza kusema hakusikia. Aliwaza jambo hilo maisha yake yote yaliyobaki. Lakini alimtazama Chande, akaitazama kalamu, akatoa kibao mezani na kumvika mwanawe. Hakumweleza kitu. Kwa Kiswahili ilikuwa marufuku kueleza, na kwa Kiingereza hakuwa na maneno ya kutosha.

Kwa hiyo Sikudhani alidhani ni zawadi.

Alirudi nyumbani amenyoosha shingo, kifua mbele. "Mama, tazama. Baba kanipa mimi peke yangu. Wengine wote hawakupata."

Mama yake, Mwanahawa, hakujua kusoma maneno yale. Alikishika, akakigeuza, akasifia msasa. Akamkaangia yai.

Baba alipofika alimkalisha mtoto mkekani, akafunga dirisha, akamweleza kwa Kiswahili cha kunong'ona kibao ni nini na kilivaliwa kwa nini. "Lakini si kitu, mwanangu. Kesho utamsikia mwenzako yeyote anasema, utamkamata, utamvika yeye. Imekwisha."

Sikudhani alisikiliza mpaka mwisho. Akakitazama kibao, akakitazama kile kisahani cha yai. Hakusema kitu.

Kesho yake hakusema kitu, wala kesho kutwa. Wala hakumkamata mtu.

*

Wenzake waligundua upesi. Darasa lilikuwa na kibao kimoja tu, na kibao kilikuwa shingoni mwa mtu asiyetaka kukitoa. Basi wakazungumza. Walizungumza Kiswahili kwa namna ambayo hawakupata kukizungumza tangu wazaliwe. Wakasimuliana, wakatukanana, wakaimba, na Sikudhani akakaa katikati yao, mikono mapajani, amevaa kosa la watu sitini na wawili.

Mwezi wa kwanza ukapita. Nyumbani vilevile, kimya. Alikuwa akila, akifagia, akibeba maji. Ukimwuliza alitikisa kichwa au alikubali kwa kichwa. Kuku walimfuata uani, wakasimama wakisubiri kusimuliwa, wakachoka wakaenda zao. Mwanahawa alimpeleka zahanati. Mganga alimchungulia koo akasema koo ni zima kabisa, akaandika hivyo kwa Kiingereza, akaomba wasimwonyeshe mtu ile karatasi.

Jumapili moja baba alimkuta uani anachambua mchele, akachuchumaa mbele yake.

"Sikudhani. Mimi nasema Kiswahili. Unasikia? Hiki ninachosema ni Kiswahili."

Mtoto akatoa jiwe kwenye mchele, akalitupa.

"Sahani. Kuku. Mwiko. Yote ni Kiswahili hiki, nimevunja sheria mbele yako. Nikamate, mwanangu. Mimi ni mtu mzima, shingo yangu nene. Nikamate."

Alimwinamishia kichwa. Sikudhani alimtazama utosi. Kisha akatikisa kichwa, taratibu, kama mtu mzima anayemkatalia mtoto kisu, akarudi kwenye mchele wake.

Mwanahawa alikuwa mlangoni. "Baba Sikudhani," alisema, "hiyo shingo yako ulikuwa nayo siku ile ile darasani."

 Baba akainua kichwa, akasaidia kutoa mawe kwenye mchele.

*

Miezi minne ilipotimia, wakaguzi wa wizara walipita kukusanya takwimu. Shule nyingine vibao vilikuwa vimehama mara mia tatu, mara mia tano. Katika shule moja ya mjini kibao kilihama mara nyingi hata kamba ikakatika, ikabidi kamba itangaziwe zabuni. Lakini katika darasa la kwanza Mabondeni kibao kilikuwa kimekaa mahali pamoja tangu siku ya kwanza. Kosa moja tu kwa miezi minne. Wakaguzi walihesabu mara mbili, wakakumbatiana.

Shule ikapewa Kombe la Usafi wa Vinywa.

"Mwalimu Hamdani," alisema Chande, kombe kifuani, "mwanao huyu ni hazina. Mtoto wa namna hii mzazi humpata mara moja."

"Hasemi, Mwalimu Mkuu."

"Ndiyo hivyo. Hasemi."

"Namaanisha hasemi kabisa. Hata nyumbani."

Chande akamgonga begani. "Bwana wee, usijisifu mno. Wengine wataona wivu."

Ilitokea wakati huo orodha mpya ya dunia ikatoka, na nchi ikawa ya mia moja na kumi. Ile iliyokuwa vitani ilikuwa imepata amani, ikafanya mtihani, ikapita. Ndipo ikaundwa Tume ya Kuchunguza Kwa Nini Wenzetu Wanajua, ya wajumbe arobaini, iende nchi ile ya barafu ikajionee. Sheria ya tume inataka kila tume iwe na mwananchi mmoja wa kawaida, wa kupigwa picha. Wakatafuta wa shule iliyoshinda kombe, wakampata Hamdani.

Mwanahawa alimkunjia mumewe shati. "Unakwenda kutafuta nini huko?"

"Dawa. Kuna kitu wanafanya wale watu. Nikikiona, nitakileta Bungeni, Sheria ya Kibao itafutwa. Kikifutwa kibao, atavuliwa. Akivuliwa atasema."

"Na usipokiona?"

"Nitakiona, Mama Sikudhani."

Mtoto alimsindikiza mpaka njia kuu, kibao kikimgonga kifuani kila hatua. Alimpungia mkono.

*

Wajumbe arobaini walimaliza uchunguzi wao uwanja wa ndege, kwenye ngazi. Walishuka, upepo ukawapiga, meno yakagongana, na Mwenyekiti akatamka pale pale kwamba siri imejulikana: ni baridi. Ulimi ukipoa hujikunja vizuri. Zile siku ishirini zilizobaki walizitumia madukani kuthibitisha.

Mwananchi wa kawaida hakuwa na posho ya madukani, kwa hiyo alikwenda shuleni.

Alipokelewa na mwalimu wa miaka kama sitini, jina lake Bi Aune, mwenye soksi za sufu za rangi mbili. Kiingereza chake kilikuwa na mashimo, na kila alipofika kwenye shimo alilivuka kwa mikono, akaendelea. Hamdani alimwonea haya kwa niaba yake. Siku ya pili akagundua kwamba haya ile ilikuwa yake peke yake.

Alikaa nyuma ya madarasa yake wiki tatu. Aliona wadogo hawafundishwi Kiingereza karibu kabisa. Walisoma, wakahesabu, wakabishana na mwalimu kwa lugha ya mama zao, na walibishana sana. Aliona wakubwa wanakwenda nyumbani kutazama filamu za Kiingereza zenye maandishi ya kwao chini yake. Na aliona kijana mmoja wa miaka kumi na moja akisimama kueleza kwa Kiingereza habari ya mbwa wake. Alikosea mwanzo, akakosea katikati, akamchinja yule mbwa kwa makosa kutoka masikio hadi mkia. Hamdani alishika ukingo wa dawati, akisubiri kicheko. Kule kwao kicheko cha namna hiyo ndicho cha kwanza mtoto hufundishwa. Hata kwenye msiba, padri au shehe akiteleza neno la Kiingereza, wafiwa huinama wakatikisika mabega.

Hakikuja. Watoto waliuliza mbwa anakula nini.

Alipobaki na Bi Aune alimwuliza nani huvaa kibao. Bi Aune hakuelewa. Hamdani akachora: mtoto, kamba, kibao, maneno. Alichora vizuri, kwa kuwa alikuwa ndiye fundi. Bi Aune aliifuata ile kamba kwa kidole.

"Ni mtoto wa kweli huyu?" aliuliza.

"Ni wangu."

Akainuka akamtengenezea kahawa. Alimwekea sukari vijiko vinne bila kumwuliza.

Walitunga pamoja sentensi tatu za Kiingereza, za kusoma Bungeni. Ya kwanza: wafundisheni watoto kwa lugha wanayootea ndoto, mpaka wajue kufikiri, kisha Kiingereza kitaingia kama mgeni badala ya kuingia kama mwizi. Ya pili: waacheni wakosee. Ya tatu kwa Kiswahili ingekuwa neno moja tu: msicheke.

"Ni sahihi hizi?" aliuliza Hamdani.

"Sina hakika," alisema Bi Aune. "Lakini watakuelewa."

*

Ripoti ya Tume ilikuwa na kurasa mia sita. Ilishauri barafu. Kila mwanafunzi apewe kipande kimoja kila asubuhi, akiweke chini ya ulimi kabla ya somo. Hamdani alipewa dakika tatu mwishoni, chini ya kichwa cha *Mengineyo*.

Kanuni za Bunge zilisema mambo ya Kiingereza hujadiliwa kwa Kiingereza. Wakalimani walikuwapo zamani, lakini walifukuzwa, kwa maana kuwapo kwao kulionyesha kwamba kuna wasioelewa. Mkutano ulirushwa redioni moja kwa moja. Mwanahawa alikuwa amemwita Sikudhani akae karibu na redio, na majirani wakaja na vigoda vyao, kwani haikuwa kila siku mtu wa Mabondeni kusema na taifa.

Hamdani alisimama. Koti la kuazima lilimbana makwapa. Hakuiona mizinga ya macho mia tatu iliyomwelekea, aliona shingo moja ndogo yenye kamba. Akasoma sentensi ya kwanza, ikatoka salama. Wabunge kadhaa walikubali kwa kichwa, wale ambao hukubali Kiingereza chochote.

Akasoma ya pili: waacheni wakosee. Hapo ndipo alipokosea.

Kosa lenyewe lilikuwa dogo. Bi Aune alikuwa akilifanya mara tatu kabla ya chai ya asubuhi.

Mbunge mmoja wa nyuma akakohoa kikohozi kisicho cha kifua. Kikafuata cha jirani yake, na Bunge lote likapasuka. Walipiga meza, wakavua miwani kufuta machozi. Spika aliteleza kitini. Kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi hiyo serikali na upinzani walikuwa kitu kimoja. Waliangukiana vifuani, wakasameheana.

"Kwani kasemaje?" mbunge mmoja alimnong'oneza mwenzake.

"Sijui. Wewe cheka, wanatuangalia."

Mheshimiwa Mbwelwa alicheka nyuma ya gazeti lake la kigeni, bila kutoa sauti. Hata kucheka kwake hakukuwa na kosa.

Hamdani alibaki na sentensi moja. Alisubiri watulie. Hawakutulia. Akaitamka juu ya kelele, kwa nguvu, lile neno moja. Na lile ndilo lililowamaliza. Mbunge wa mkoa wa magharibi alitolewa kwa machela. Mwandishi wa kumbukumbu za Bunge aliandika *(Kicheko)* kurasa kumi na moja, mpaka wino ukamwishia, na dakika tatu za Hamdani zilikuwa zimeisha kitambo.

Walipopata pumzi walipitisha barafu. Sheria ya Kibao wakaiongezea makali, ianzie watoto wa chekechea.

Redioni watu walipiga simu kuomba kicheko kile kirudiwe. Kilirudiwa kabla ya taarifa ya habari na baada ya matangazo ya vifo. Siku ya tatu nchi nzima ilikuwa inakijua kwa moyo, kinapopanda, kinaposhuka, na pale anaposikika mtu akisema neno moja kisha kinafurika.

*

Alifika Mabondeni adhuhuri. Pale bombani wanawake walimwona, wakageukia ndoo zao, na ndoo zikaanza kutikisika. Chande alimpungia akiwa mbali, kisha akaingia ofisini haraka, mkono mdomoni. Hamdani akazidi kutembea. Hakuwa na hasira hata. Alikuwa anawaza tu namna ya kumwambia mtoto mdogo kwamba baba alikwenda mpaka mwisho wa dunia, akaiona dawa, akaishika mkononi, akashindwa kuifikisha.

Sikudhani alikuwa amekaa kizingitini. Kibao kilikuwa kimeng'aa kwa kuvaliwa. Kingo zilikuwa laini kama siku alipozipiga msasa. Baba alichuchumaa mbele yake.

"Nimerudi, mwanangu," alisema.

Mtoto alimtazama. Pembe moja ya mdomo wake ikacheza, kisha ya pili. Halafu akacheka.

Ilikuwa sauti yake. Mwanahawa aliitambua jikoni, akaangusha mwiko, akaja mbio. Miezi mitano hawakuisikia. Kicheko kilianza chini, kikapanda, kikakatika kidogo pale ambapo mtu husikika akisema neno moja, kisha kikafurika. Hakuacha hata pumzi moja ya kile cha redioni.

Alipomaliza alipanguza macho. Akashika kamba kwa mikono miwili, akaipitisha juu ya kichwa chake. Na kwa Kiingereza kisicho na kosa lolote, alichokisikia darasani kikisomwa kutoka ukurasa wa Sheria kila asubuhi kwa miezi mitano, akamwambia baba yake, "Nimekukamata."

Mwalimu Hamdani aliinamisha kichwa ili kamba ipite.

Sikudhani alisimama, mwepesi, akakimbilia uani kwa kuku. Hakuwasimulia kitu. Aliwachagua mmoja mmoja kwa macho, kama mtu anayesikiliza nani atakosea.

Mwanahawa alimtazama mtoto, kisha akamtazama mumewe kizingitini.

"Baba Sikudhani," alisema, "sasa huku ndiko kupona?"

Mwalimu alifungua mdomo. Kibao kilikuwa kizito kuliko alivyokuwa akikumbuka. Akaufunga.